Kosa Kwanza, Shikamoo Baadaye

Majengo, pale Sumbawanga mjini, kuna karakana moja ambayo mtu akiingia mara ya kwanza lazima atoke na la kusimulia. Si kwa sababu ya mashine za kusaga zilizopangwa nje kama ng'ombe wanaosubiri kuogeshwa. Wala si kwa sababu fundi mkuu ni mwanamke mwenye kitambaa kichwani na grenda mkononi. Ni kwa sababu ya salamu. Mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi anaingia asubuhi, baridi ikimtoa moshi mdomoni, anainama kwa adabu zote alizotoka nazo kwao, anasema, "Shikamoo fundi." Na fundi Bertilla Modesti, bila kuinua macho kwenye boliti anayoifungua, anajibu, "Kuna kibovu gani?"

Mwanafunzi anadhani hakusikika. Anarudia, safari hii kwa sauti.

"Nimeisikia," anasema Bertilla. "Naiweka hapa mezani, haiozi. Nimeuliza kuna kibovu gani. Tangu jana umeona nini, umesikia nini, umevunja nini?"

Basi mwanafunzi hutazama nyuma, huenda kuna mwingine anayeulizwa. Katika nchi hii ya Wafipa watu husalimiana mpaka chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Mtu mzima kuiacha shikamoo ya mtoto ikining'inia hewani ni jambo la kumfanya mwenzako apige ishara ya msalaba. Wapo wazazi waliofunga safari kuja kuuliza huyu fundi alilelewa wapi.

Alilelewa vizuri mno, hilo ndilo jibu. Na kulelewa huko vizuri nusura kuue watu, Ijumaa moja, alipokuwa na miaka ishirini.

Bertilla alizaliwa kijiji cha juu huko uwandani, katikati ya mahindi na ulezi, nyumba ya watu wasiokosa misa. Bibi yake Rozina alimfundisha mambo mawili ambayo baadaye yalikuja kugombana. La kwanza lilikuwa la vyungu. Bibi Rozina hakununua chungu kwa macho. Alikipakata, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Chungu kizima huimba. Chenye ufa, hata ufa usioonekana, husema "kho", kama mtu anayejizuia kukohoa kanisani.

La pili lilikuwa la adabu. Habari mbaya haisemwi kwa mkubwa ukiwa umesimama. Unapiga magoti, unapiga makofi mepesi, unasalimia, unasubiri uulizwe. Usipoulizwa, unaizungusha kwa mbali, mkubwa ataidaka mwenyewe. Mtoto anayemtupia mkubwa habari usoni hana tofauti na anayemrushia jiwe.

Baba yake, Modesti, alikuwa na kisa cha kweli juu ya hilo, na kila akikisimulia alicheka mpaka machozi. Siku moja jirani yao Yohanes alikuja mchana, akaketi, akasalimia, akausifu ulezi, akauliza habari za watoto mmoja mmoja, nao walikuwa saba. Alipofika kwa mtoto wa sita, Modesti akamuuliza, "Na wewe huko utokako, kwema?" Yohanes akajibu, "Kwema kabisa, ila maksai wako ametumbukia korongoni, nimemwacha anahema." Walipofika, maksai alikuwa hahemi. Na hakuna aliyemlaumu Yohanes. "Angefanyaje?" alisema Modesti. "Mimi ndiye niliyechelewa kumuuliza."

Hivyo ndivyo Bertilla alivyofika mjini: sikio kali, mdomo mpole. Chuo cha ufundi kilimpeleka fildi ya wiki nane kwenye karakana hiyohiyo ya Majengo, wakati huo ikiwa ya Fundi Mwinjuma. Ndugu zake Mwinjuma wote walikuwa watu wa maduka na malori. Yeye peke yake alichagua gresi. Ndevu nyeupe, maneno machache, mikono kama koleo. Siku ya kwanza alimwonyesha neno IJUMAA lililoandikwa ukutani kwa rangi, akamwambia hivi:

"Hapa ni kazi, binti, si soga. Ukiwa na swali liandike kwenye daftari lako la chuo. Kila Ijumaa nikitoka msikitini nalisoma, nakujibu, natia sahihi. Siku nyingine mikono ifanye kazi, mdomo upumzike. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, fundi."

Wala Bertilla hakuona ugumu. Alijiona yuko nyumbani.

Mtu mwingine pale karakana alikuwa Zenon, kibarua wa miaka mingi, asiyeweza kupitisha saa bila kumtania mtu. Alimwita Bertilla "Sista", kwa jinsi alivyokuwa mkimya. "Sista, leo umefunga kuongea au ni novena?" Bertilla alicheka tu, akaendelea kusugua.

Wiki ya tano kulikuwa na kazi ya kina mama wa Ilemba, kule chini bondeni. Kikundi chao kilikuwa kimeagiza mashine ya kusaga, ya kwanza kuwa mali yao wenyewe, baada ya miaka ya kubeba mahindi kichwani hadi mashine ya mtu mwingine. Fundi Mwinjuma aliijenga yote kwa chuma kipya, isipokuwa puli kubwa, lile gurudumu zito linalozungusha mkanda. Hiyo aliitoa kwenye mashine ya zamani. "Chuma cha kumimina cha zamani hakifi," alisema, na kila mtu aliamini.

Jumanne Bertilla akapewa kazi ya kuisafisha hiyo puli kwa dizeli na kuipaka rangi ya kijani. Akaitundika kwa waya kwenye boriti ili aizungukie vizuri. Kabla ya kuchovya brashi, mkono wake wenyewe, bila kutumwa, ukachukua spana ndogo ukaigonga.

Kho.

Akasimama. Akaigonga tena upande wa pili. Kho. Akaenda pembeni, akainua puli nyingine ndogo iliyokuwa chini, akaigonga. Hiyo ikaimba, ngiii, sauti ikatembea mpaka kwenye mabati. Akarudi kwenye ile kubwa, akaisogelea karibu mpaka pua ikagusa dizeli. Karibu na tundu la shafti kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Huenda ulikuwa mkwaruzo. Huenda haukuwa.

Fundi Mwinjuma alikuwa hatua kumi kutoka pale, ameinamia injini. Bertilla akamtazama mgongo. Akasubiri. Mgongo haukuuliza kitu.

Zenon akapita na ndoo. "Sista, hiyo ni puli, si gitaa. Paka rangi."

Akapaka. Hilo ndilo ambalo hata leo akilikumbuka huacha kula: alipaka mikono miwili, mkono wa kwanza na wa pili, na rangi ya kijani ikauingia ule mstari ukatoweka. Jioni, kwenye chumba alichopanga, akafungua daftari la chuo akaandika kwa mwandiko wa kuvutia: *Jumanne. Nimesafisha puli na kuipaka rangi. Puli inalia kama chungu chenye ufa. Karibu na tundu la shafti kuna mstari. Naomba fundi aitazame.* Akapiga mstari chini ya neno "naomba". Akalala usingizi wa mtu aliyekwisha kufikisha ujumbe.

Jumatano mashine ikafungwa yote, ikajaribiwa. Dakika tano, bila mahindi ndani. Iliunguruma vizuri mpaka fundi akatabasamu, jambo la nadra kuliko mvua ya Agosti. Bertilla akaona hapo ndipo pa kusema. Akamletea chai, akakunja magoti kidogo, akaizungusha kwa mbali kama alivyolelewa.

"Fundi, hii puli sijui kama haijachoka."

"Nani hajachoka, mwanangu," alisema Mwinjuma, akipokea kikombe. "Hata mimi." Akacheka. Bertilla naye akacheka, maana mkubwa akicheka huwezi kumwacha peke yake.

Kwa hesabu zake alikuwa amesema mara mbili, kwa kalamu na kwa mdomo. Mkubwa amesikia. Akinyamaza, ana sababu zake.

Alhamisi mwenye mashine akaja: Mama Cornelia, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuongoza nyimbo jumuiyani, pamoja na mwanawe Leonardi ambaye ndiye angekuwa mwendesha mashine. Bertilla akapiga magoti palepale kwenye gresi, akapiga makofi yake mepesi, shikamoo mama, marahaba mwanangu, habari za safari, nzuri, za huko bondeni, joto, za watoto, hawajambo. Ilichukua muda mpaka Zenon akamaliza kupakia nyundo na chekeche za akiba.

"Fundi Mwinjuma," Mama Cornelia akasema, "huyu ni mtoto wa watu. Siku hizi mjini wanakusalimia kwa kidole gumba. Nipe huyu awe mkwe wangu."

Leonardi akageuka kukagua tairi la lori ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Kesho saa saba mchana katekista anakuja kuibariki," mama akaendelea. "Saa nane kamili tunaanza kusaga. Kina mama wote watakuwepo."

Mashine ikateremka kwenda Ilemba, puli ikiwaka rangi yake ya kijani juani. Bertilla aliisindikiza kwa macho, na moyoni akajiambia kwamba fundi anajua.

Ijumaa ikafika. Saa nane kasoro, Fundi Mwinjuma akaingia kutoka msikitini, kanzu nyeupe, akaketi kwenye stuli yake, akavaa miwani, akanyoosha mkono. "Daftari."

Bertilla akampa, akasimama pembeni, mikono nyuma. Fundi akasoma Jumatatu, akatia alama. Akasoma Jumanne. Alianza kusoma kwa sauti, kama kawaida yake, kwa mzaha kidogo: "Nimesafisha puli na kuipaka rangi. Puli inalia kama..."

Akanyamaza. Midomo ikaendelea kusoma bila sauti. Halafu akarudi juu, akasoma tena.

"Hii ni ya lini?"

"Jumanne, fundi."

"Jumanne hii?"

"Ndiyo, fundi."

"Puli ipi?"

Bertilla akaona uso wa yule mzee unabadilika rangi, na kwa mara ya kwanza wazo likamwingia, baridi kama maji ya kisima asubuhi: hakujua. Siku tatu zote fundi alikuwa hajui.

"Ile ya Ilemba," akasema. "Nilidhani... nilikuambia Jumatano, fundi. Nilisema imechoka."

"Uliniambia imechoka." Mwinjuma alilitamka polepole, kama mtu anayeokota kitu sakafuni. "Ulisema hujui kama haijachoka. Mimi nikajua unaniuliza hali."

Zenon alikuwa ameacha kupiga nyundo. Hakutania. "Saa ngapi sasa?" aliuliza.

Saa nane na dakika nne.

Kwa asiyejua: puli ya chuma cha kumimina ikizunguka bila mzigo inaweza kuvumilia na ufa wake. Ukishamimina mahindi, mkanda ukakaza, injini ikavuta, ufa hufunguka. Na haianguki chini kistaarabu. Inapasuka vipande, na kila kipande kinakwenda kinakotaka kwa mwendo wa jiwe la kombeo. Kwenye chumba cha mabati, kilichojaa wanawake na madebe yao.

Fundi Mwinjuma akapiga simu kwa Leonardi. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata. Mtu aliye kando ya injini ya dizeli hasikii simu hata ikiwa mfukoni. Akapiga kwa Mama Cornelia, akaweka sauti ya nje. Ikaita mara moja, mara mbili, ya tatu, ya nne. Ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya mama, mngurumo. Tayari inazunguka.

"Haloo, Fundi Mwinjuma, baba yetu," Mama Cornelia alisema kwa furaha, akipaza sauti juu ya kelele. "Habari za huko?"

"Nzuri, mama," fundi akajibu. "Habari za Ilemba?"

"Njema, tunamshukuru Mungu. Baridi huko?"

"Baridi ipo. Poleni na joto. Katekista amefika?"

"Amefika, ameshabariki, watoto hawajambo?"

"Hawajambo, na Leonardi je, na..."

Bertilla alikuwa anamtazama usoni. Jasho lilikuwa linashuka kwenye ndevu nyeupe, macho yamemtoka kwa hofu, na mdomo wake ulikuwa unaendelea kusalimia. Haukuweza kusimama. Miaka hamsini na tisa ulikuwa umesalimia kwanza, na sasa ulikuwa unasalimia huku mwenyewe anakaribia kulia. Bertilla akamwona Yohanes. Akamwona maksai korongoni, anahema. Na akajiona mwenyewe, amekunja magoti na kikombe cha chai, anaizungusha puli kwa mbali.

Akamnyang'anya simu.

Zenon baadaye aliapa kwamba hajawahi kuona kitu kama kile. Binti aliyekuwa haombi hata spana bila kusema samahani, amechomoa simu kwenye kiganja cha mzee wa watu, ndani ya kanzu yake ya Ijumaa.

"Mama Cornelia, ni Bertilla. Zimeni mashine. Puli ina ufa, itapasuka. Toeni watu humo ndani sasa hivi."

Upande wa pili mngurumo ukaendelea.

"Nani?" Sauti ya mama ilikuwa imepoa kabisa.

"Bertilla wa kwa fundi. Zimeni mashine."

"Hata shikamoo hakuna?"

"Mama, watu watakufa. Tokeni."

"Ninyi wa mjini mmetuona sisi ni..." Simu ikakata. Walipopiga tena, mwanamke wa mtandao akawaambia kwa upole kwamba namba waliyopiga haipatikani. Walipiga mara tisa. Mara zote tisa mwanamke yule alikuwa na adabu sana.

Wakasubiri. Hakuna aliyejua la kufanya. Kutoka Sumbawanga hadi Ilemba ni mwendo wa kushuka milima na makona, hata ukipanda pikipiki ya kichaa hutafika kabla ya mahindi kwisha. Zenon alikaa juu ya gurudumu. Fundi Mwinjuma alikuwa anavuta tasbihi yake punje kwa punje. Bertilla alisimama palepale aliposimama, simu ya fundi mkononi, hata kumrudishia akasahau. Alikuwa anahesabu wanawake. Alimjua mmoja tu kwa jina, basi akawa anamhesabu huyohuyo.

"Nilikwambia usubiri Ijumaa," fundi akasema ghafla, wala hakuwa anamlaumu. Alikuwa kama anasoma maandishi ukutani. "Mimi ndiye niliyekwambia."

Dakika thelathini na tano. Simu ikaita. Jina: Leonardi.

Bertilla akamnyooshea fundi. Fundi akatikisa kichwa. "Pokea wewe. Wewe unajua kuanza."

Akapokea. Kwanza alisikia watu wengi wanaongea kwa pamoja, kama mnadani. Halafu Leonardi.

"Imepasuka."

"Watu?"

"Puli imepasuka. Kipande kimoja kimepita ukuta wa mabati, kimechana kama karatasi, kimeingia mpaka kwenye shamba la mpunga la jirani yetu Benjamini. Kingine kiko darini. Kingine kimepasua debe la mama mmoja katikati, unga umeruka..."

"Leonardi, watu."

"Hakuna mtu. Hakukuwa na mtu ndani. Mimi sikio limechanika kidogo na bati, nilikuwa mlangoni."

Bertilla akaketi chini sakafuni kwenye mabaki ya chuma. "Mlizima?"

"Hatukuzima," Leonardi akasema. Nyuma yake mtu alikuwa analia. "Ni kwamba... Mama alitoka nje amekasirika. Akaenda kusimama chini ya ule mti wa mbele, akaita, jamani njooni msikie. Njooni msikie yule mtoto niliyemsifia jana ameniambia nini. Amenifokea kwenye simu, hata shikamoo hajanipa. Wakatoka wote, unawajua kina mama. Mmoja baada ya mwingine, wakaacha madebe, wakaenda kusikiliza. Hata katekista. Na mimi nikaona mama yangu ametukanwa, nikasogea mlangoni nisikie ni nani. Ndipo ikapasuka."

Zenon, aliyekuwa amesikia kila neno, akavua kofia yake akaishika kifuani. Wote watatu walitazamana, na hakuna aliyejua kama ni halali kucheka.

Jumatatu asubuhi, ukungu bado uko juu ya mabati ya Majengo, lori likasimama nje, mgongoni limebeba mashine ya Ilemba. Mama Cornelia akashuka na kitu kizito amekifunga kwenye khanga. Akakiweka juu ya meza ya kazi, akafungua. Vipande vinne vya puli. Kwenye kimoja, pale karibu na tundu la shafti, mpasuko ulikuwa na rangi mbili: sehemu inang'aa, imevunjika juzi, na sehemu nyeusi yenye kutu, imevunjika miaka mingi. Na juu ya ukingo wa ile nyeusi, utando mwembamba wa rangi ya kijani. Bertilla akaona rangi yake mwenyewe.

"Sikuzima," Mama Cornelia akasema, akimtazama Mwinjuma kisha Bertilla. "Nisiwe mwongo mbele ya Mungu. Nilisikia ulichosema, kila neno, nikakasirika, sikuzima. Ungenisalimia vizuri, ningekujibu vizuri palepale mlangoni, na wenzangu wangebaki ndani wanatazama unga. Nimelifikiria hili siku tatu, silali." Akavuta pumzi. "Lakini shikamoo yangu naidai. Nimepanda mlima wote huu kuifuata."

Bertilla akaanza kupiga magoti.

"Subiri," akasema Mama Cornelia. "Kwanza niambie. Hiyo nyingine mnayotaka kunifungia ina kibovu gani?"

Fundi Mwinjuma akamtazama Bertilla. Akasogea pembeni. Alikuwa ameagiza puli mpya kabisa, imetoka kwenye karatasi zake Jumamosi, na gharama yake hakuitaja wala hakuulizwa.

Bertilla akasimama wima. Safari hii hakuizungusha kwa mbali. "Puli ni nzima, mama. Kibovu ni mkanda. Ni mfupi kidogo kwa puli hii, utakaza kupita kiasi na kula beringi. Fundi anajua, nimemwambia leo asubuhi kabla sijamsalimia. Mkanda mwingine unafika kesho. Kwa hiyo leo mashine haitoki."

"Leo haitoki," mama akarudia.

"Haitoki, mama. Na mimi ndiye niliyepaka rangi juu ya ule ufa. Niliuona nikapaka."

Hilo la mwisho hakuna aliyemwomba aseme. Zenon alitazama chini. Mama Cornelia akakivuta kile kipande cheusi karibu yake, akaupitisha ukucha juu ya ule utando wa kijani mpaka ukabanduka.

"Nionyeshe ulivyojua," akasema.

Bertilla akaitundika puli mpya kwenye boriti, kwa waya uleule. Akachukua spana ndogo. Halafu akabadili mawazo, akaigeuza, akampa mama upande wa kushikia.

Wiki tatu baadaye, fildi ilipokwisha, chuo kilileta fomu ya kujazwa na fundi mlezi. Kulikuwa na mstari unaosema: *Mawasiliano kazini, alama kati ya kumi.* Fundi Mwinjuma alifikiri kutwa nzima. Akamwandikia Bertilla nne. Halafu pembeni, mahali ambapo fomu haikuuliza kitu, akaandika: *Mlezi, mbili.* Chuoni walidhani mzee amekosea kujaza, wakampigia. Akawaambia hajakosea, na kwamba kama jina la binti huyu liko kwenye orodha yao ya wanaotafutiwa kazi walifute, anabaki hapa. Neno la Ijumaa alilifuta ukutani yeye mwenyewe kwa dizeli.

Lakini hayo yalikuwa bado. Asubuhi ile ya Jumatatu Mama Cornelia alishika spana kwa mkono wake mpana, akasogea mpaka karibu, akaigonga puli mara moja, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Ikaimba. Sauti ikapanda kwenye mabati, ikatoka nje mlangoni, mtu aliyekuwa anapita na baiskeli akageuza shingo. Bertilla alikuwa tayari amepiga magoti, makofi mepesi, kichwa chini.

"Shikamoo, Mama Cornelia."

Mama hakujibu. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekea chuma, jicho moja amelifumba, anaifuata ile sauti inavyokwenda inapungua, inapungua. Alisubiri mpaka ikaisha kabisa, akahakikisha kwamba haikukohoa mahali popote.

"Marahaba," akasema.